Harusi Kati ya Siku Mbili za Maji

Kabla sijasimulia lililotokea, sina budi kueleza hali ilivyokuwa, kwa sababu kosa nililolifanya lilitokana na hali hiyo, wala halikutokana na ubaya wa mtu yeyote.

Nyumbani kwetu ni Maretadu, wilaya ya Mbulu. Tunalima mahindi na maharage, na tunafuga ng'ombe wachache wanaolala ubavuni mwa nyumba na kunywa katika kijito kilicho chini ya shamba, kijito ambacho sijawahi kukiona kikikauka. Wazazi wangu, mama na marehemu baba, walibatizwa wakiwa watoto wachanga. Mimi nilisoma seminari ndogo, nikajifunza Kilatini na utaratibu wa kutenganisha jambo moja na jingine kabla ya kulitolea kauli, kisha nikatambua kwamba wito wangu ulikuwa darasani na si altareni. Sasa ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Kila mwaka, wanafunzi wapya wanapoingia kidato cha kwanza, somo langu la mwanzo huwa ni namna binadamu wanavyohesabu wakati. Naomba msomaji aikumbuke habari hiyo, maana ndiyo inayonitia aibu.

Nyumbani kwa mchumba wangu ni Gendabi, wilaya ya Hanang, tambarare. Baba yake ni mfugaji wa Kibarbaig, anayeshika dini ya wazee wake kama walivyoishika wao, bila kuitangaza na bila kuiacha. Mama alifariki mchumba wangu akiwa darasa la sita. Alisomeshwa kwa ng'ombe wa baba yake, akawa afisa mifugo, akapangiwa kazi katika kata moja jirani na Dongobesh, na huko ndiko tulikofahamiana. Hakuwa amebatizwa, na hakutaka kubatizwa kwa ajili ya harusi. Alisema kwamba mtu akibadili dini kwa sababu ya gauni, atabadili tena kwa sababu ya viatu. Nilimwona ana haki. Padre wetu aliomba ruhusa kwa askofu, ruhusa ikatolewa, na tukaelezwa kwamba ndoa ya namna hiyo ingefungwa kanisani kwa ibada yake yenyewe, nje ya misa.

Jambo la mwisho ni majira. Kwetu milimani, mahindi yakishavunwa na kuanikwa, mtu hupumzika, na kwa sababu hiyo harusi zetu nyingi hufungwa wakati wa kiangazi. Kule tambarare, kiangazi ndio wakati wa kazi ngumu kuliko zote. Malisho yako mbali, maji yako chini kabisa katika visima vilivyochimbwa korongoni, na ng'ombe hunyweshwa siku moja, siku inayofuata wakapelekwa malishoni bila kunywa, kisha wakarudishwa kisimani. Hali hiyo niliifahamu. Ningeweza hata kuitungia swali la mtihani. Kuifahamu hakukunisaidia chochote.

Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa chache kiasi kwamba hazikuhitaji mweka hazina. Kamati ya harusi ilikuwa ya watu wanne: mama yangu, kaka yangu mkubwa, mchumba wangu na mimi. Niliandaa orodha ya mahitaji kwa vipengele, kama nilivyozoea, nikaisoma kwa sauti mezani nyumbani kwa mama. Mchumba wangu alikuwa ameshika kalamu.

“Keki,” nilisoma.

“Futa.”

“Mpiga picha.”

“Watu wote wana simu. Futa.”

“Mshereheshaji.”

“Kaka yako hanyamazi hata tukimlipa. Ya nini kukodi mwingine?”

Kaka yangu aliinuka akainama kama mtu aliyepewa zawadi. “Shemeji,” alisema, “wewe ndiye mtu wa kwanza katika ukoo huu kutambua kipaji changu.”

Tulikubaliana hivi. Mbuzi wawili watatoka zizini kwa mama. Mahindi na maharage yapo ghalani. Gauni tutaazima kwa mwalimu mwenzangu aliyeolewa mwaka uliotangulia, na fundi cherehani wa Dongobesh atalipunguza kiunoni bila kulikata. Hema halitakodiwa, tutashona pamoja maturubai ya kuanikia mahindi, ambayo kila nyumba ya jirani inayo, nayo wakati huo yamekunjwa tu hayana kazi. Nilipofika mwisho wa orodha, mchumba wangu aliweka kalamu chini.

“Moja usilifute,” alisema. “Baba awepo pale kanisani, na anibariki kwa mdomo wake mwenyewe. Mengine yote nimeyaacha na sitayadai. Lakini kama baba hayupo, upande wangu hauna mtu. Nitakuwa nimesimama pale kama mgeni kwenye harusi yangu.”

Mama alimtazama, kisha akaniambia mimi, si yeye: “Umesikia?”

Nilisikia. Wiki hiyohiyo nilikwenda Gendabi kumwomba baba yake siku. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, tukakaa nje ya boma, nikamtajia Jumamosi tuliyoipata kwa padre. Nilimweleza kwa hesabu ya siku zilizosalia, kwa kuwa hakuzoea kalenda. Alinyamaza kitambo, akiwa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia juu ya fimbo yake. Kisha akasema, “Hiyo nitakuja.” Ukimya ule niliutafsiri kuwa ni heshima ya mzazi anayemtoa binti yake. Sikuuliza alikuwa anahesabu nini.

Niliporudi nilitoa kadi arobaini kwenye mashine ya nakala Dongobesh. Zilikuwa kadi za karatasi ya kawaida iliyokunjwa mara moja, lakini maandishi yake niliyapanga mwenyewe na nilijivunia mpangilio wake. Siku tatu baadaye padre aliniita ofisini. Mapadre wote wa jimbo walikuwa wameitwa kwenye mafungo, na mafungo hayo yangemalizika Jumapili iliyofuata harusi yetu.

“Pole sana, mwalimu,” alisema. “Lakini si tatizo kubwa. Tusogeze wiki moja. Siku ileile, saa ileile.”

“Siku ileile,” nilikubali, nikashukuru kwamba usumbufu ni mdogo kiasi hicho.

Nilirudi nyumbani, nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikaikata tarehe ya zamani kwa mstari mmoja ulionyooka na kuandika mpya juu yake, kadi arobaini, bila kuchafua hata moja. Gendabi nilituma salamu kwa simu ya kijana wa jirani yao kwamba harusi imesogezwa mbele kidogo, bado ni Jumamosi.

Mchumba wangu alikuwa kazini wiki hiyo, akichanja mifugo katika vijiji vya mbali ambako mtandao haushiki. Aliporudi, nilimkuta Dongobesh, ndani ya kibanda cha fundi cherehani, amesimama juu ya kigoda ndani ya gauni la kuazima, na fundi yuko nyuma yake ana pini mdomoni. Nilimpa kadi ili aone jinsi sahihisho lilivyokaa vizuri. Aliisoma. Halafu nikaona vidole vyake vya mkono wa kulia vinakunjwa na kukunjuliwa juu ya kitambaa cheupe, na nikatambua nimewahi kuviona vidole vinavyofanya hivyo.

“Umeongeza siku ngapi?” aliuliza.

“Wiki moja.”

“Siku ngapi?”

“Saba.”

“Saba inagawanyika kwa mbili, mwalimu?”

Nilisimama pale mlangoni na kadi zangu. Fundi alitoa pini mdomoni ili asikie vizuri zaidi.

“Ile Jumamosi ya kwanza ilikuwa siku ya malisho,” alisema mchumba wangu polepole, kama anayemweleza mtoto mgonjwa. “Baba alihesabu akaona yuko huru, ndiyo maana alikubali. Ukiongeza saba, inaangukia siku ya kunywesha. Siku ya kunywesha baba haendi popote. Hakwenda hata siku nilipohitimu chuo.” Alishuka kigodani. “Fundi, nivue hili. Usilishone kwanza.”

Nilitaka kusema kwamba vijana wa boma wangeweza kuwanywesha, lakini alijua nitasema hivyo na alinijibu kabla. Pale kisimani kwao zamu haifuati ng'ombe, inafuata mtu. Mwenye mji husimama yeye mwenyewe mdomoni mwa kisima tangu wa kwanza anywe hadi wa mwisho. Asipokuwepo, anayefuata huingiza wake, na hakuna wa kumlaumu. Wakati huo wa mwaka ng'ombe akikosa siku yake hukaa siku tatu kavu, na ndama hawazifikishi siku tatu.

Hakunigombeza. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenigombeza. Aliniambia tu, “Mimi bila baba siingii kanisani. Si kwa hasira. Ninakueleza tu ilivyo.”

Kesho yake kaka yangu na mimi tulikwenda Gendabi, kwa basi na kisha pikipiki. Tulielekezwa korongoni, maana ilikuwa siku ya kunywesha. Niliona kwa macho kile nilichokuwa nikikifundisha kwa chaki. Vijana watatu walikuwa ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine kwenye vidato vilivyochimbwa ukutani, wakipeana ndoo kuelekea juu. Juu, maji yalimwagwa katika birika la udongo. Ng'ombe waliitwa kwa makundi, na kundi ambalo halijaitwa lilingoja pembeni likitazama bila kusogea. Baba mkwe alikuwa amesimama mdomoni mwa kisima na fimbo yake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mmekuja siku ya kazi. Shika ndoo.”

Hivyo mazungumzo yote tuliyafanya tukiwa tunapokea ndoo na kuzimwaga, kaka yangu akiwa bado na koti alilovaa kwa heshima ya safari. Nilimweleza kosa langu bila kulipunguza. Alisikiliza huku anaita ng'ombe.

“Uliniuliza siku, nikakupa siku,” alisema alipopata nafasi. “Sasa umeichukua, umeipeleka pengine.”

“Ndiyo, baba. Nilidhani Jumamosi ni Jumamosi.”

“Kwenu mna siku saba. Hawa wana mbili. Ya kunywa, na ya kutokunywa.”

Kaka yangu, ambaye hakuna kimya kinachomshinda, alidakia. “Mzee, siku hiyo ya harusi mimi na wenzangu wanne tutakuja hapa. Tutavuta sisi, wewe uende kwa mwanao. Mimi nitakosa harusi ya mdogo wangu, si neno.”

Baba mkwe alimgeukia, akaitazama mikono yake, akamtazama na usoni. Vijana ndani ya kisima walikuwa wameacha kupeana ndoo ili wasikie.

“Mkono wa jembe huo,” alisema. “Ng'ombe wangu watakunywa mwaka kesho.”

Kicheko kilitoka chini ya ardhi. Kaka yangu naye alicheka, akasema sisi Wambulu tumechimba mitaro mirefu kuliko kisima hicho, na sauti moja kutoka ndani ikajibu kwamba mtaro hauna ng'ombe mia wanaokusubiri. Hata hivyo niliona kwamba kule kujitolea kwake hakukupotea bure. Baba mkwe alimwita kijana ashike nafasi ya kaka yangu, akachuchumaa, akaokota kokoto. Alizipanga mchangani kwa mstari: nyeusi moja, nyeupe moja, nyeusi, nyeupe, tangu siku ile tuliyokuwapo, hadi alipofika ile niliyokuwa nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa nyeusi, ya maji. Aliigusa kwa ncha ya fimbo na kutikisa kichwa. Kisha akaweka nyeupe moja mbele yake.

“Hii nitakuja.”

“Baba, hiyo ni Jumapili.”

“Jina lake silijui. Hii nitakuja.”

Njia nzima ya kurudi nilikuwa ninatafuta sababu za kutofunga ndoa Jumapili, na kwa kuwa nimesomea kutafuta sababu, nilizipata kadhaa. Padre husoma misa parokiani asubuhi, kisha huenda kigangoni kusoma ya pili. Watu wamekwisha pewa kadi. Kadi zimekwisha sahihishwa mara moja. Nadhani hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote moyoni mwangu, ingawa niliitaja mwishoni na kwa sauti ndogo.

Padre alifikiri kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Kwa kuwa ibada yetu haikuwa ndani ya misa, alisema, hakuna kinachozuia. Atakaporudi kutoka kigangoni, saa sita hivi, tumwandalie watu. Aliongeza kwamba kwaya itakuwa imekwisha kuja, maua ya Jumapili yatakuwa yamekwisha wekwa, na nusu ya wageni wetu watakuwa tayari wamekaa kwenye mabenchi. Ombi lake lilikuwa moja: pombe ya asali watakayokuja nayo watu wa Gendabi isinywewe katika uwanja wa kanisa.

Nilipomweleza mama hayo yote, pamoja na habari ya kadi, alikuwa anapepeta maharage na hakuinua kichwa.

“Padre amekubali?”

“Amekubali.”

“Ng'ombe wamekubali?”

“Wamekubali.”

“Basi umebaki wewe tu.”

Nilichukua rula. Kaka yangu alipoiona kadi yenye mistari miwili myekundu alisema hii si kadi tena, ni daftari la mwanafunzi, na akaomba nimpe alama. Kadi nyingine nilizifikia, nyingine zilikuwa zimekwisha sambazwa mbali nami. Kwa hiyo Jumamosi, saa nne asubuhi, watu kumi na wawili kutoka upande wa Dongobesh waliwasili Maretadu wakiwa wamevaa vizuri kabisa, na zawadi mkononi, wakatukuta tumekaa chini tunashona maturubai.

“Bibi harusi yuko wapi?” aliuliza mmoja wao.

“Yuko nyuma anachambua mchele,” alijibu mama. “Karibuni. Visu viko pale.”

Walivua viatu. Wanaume walishika sindano za magunia, wanawake wakaketi kumenya viazi, na hadi jioni hema lilikuwa limesimama, kubwa kuliko tulivyopanga, likinuka mahindi makavu. Walilala kwa majirani. Jumapili walikuwa wanawakaribisha wageni wengine na kuwaonyesha pa kukaa, kama wenyeji.

Siku hiyo misa ya kwanza iliisha saa tatu na watu wengi hawakuondoka. Gari tulilokodi kwa ajili ya Gendabi lilipaswa kufika saa nne. Saa tano halikuwepo. Mchumba wangu alikaa kwenye benchi nje ya kanisa ndani ya gauni lililokuwa limekwisha shonwa, mikono juu ya magoti, akiitazama barabara. Sikumwambia kwamba watakuja, kwa kuwa sikulijua hilo. Nilikaa karibu naye. Mama alituletea chai, akaondoka.

Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa sita tulipoona vumbi. Gari lilikuwa mbele, na pikipiki ya padre, akitoka kigangoni, ilikuwa nyuma yake imemezwa na vumbi hilo. Walishuka watu saba. Kisima kilikuwa kimepungua maji jana yake, baba mkwe alieleza baada ya salamu. Walinywesha hadi giza, wakalala kidogo, wakaondoka alfajiri. Mchumba wangu aliinama mbele yake. Baba yake aliweka kiganja juu ya shela, akaligusa lile gauni kwa vidole viwili kama anayepima ngozi, akauliza kitu kwa lugha yao.

“Anauliza ni la nani,” mchumba wangu aliniambia. “Nimemwambia la mwalimu. Anasema lirudishwe likiwa safi.”

Mlangoni pa kanisa mzee wa parokia yetu alimwomba aache fimbo nje, kwa adabu, kwa kuwa ndio utaratibu.

“Nikiiacha,” alisema baba mkwe, “mkono huu hautajua pa kukaa.”

Padre, aliyekuwa anafuta vumbi usoni, alimsikia. “Mwache mzee apite,” alisema. “Askofu wetu naye huingia na fimbo.”

Tulifunga ndoa yetu. Nayakumbuka maneno yote kwa usahihi, na sioni haja ya kuyaandika, maana ni yaleyale wanayoyasema wote. Baada ya hapo tulitoka nje, na baba mkwe akaomba kibuyu chake. Kilikuwa cha maziwa. Ile pombe ya asali aliiacha garini hadi tulipofika nyumbani, kama alivyoombwa. Alisimama akitazama linakotoka jua, sisi wawili mbele yake, watu wake nyuma. Alipiga funda moja, akatutemea matone madogomadogo usoni na kifuani, kisha akaanza kusema, sentensi fupi fupi, na kila moja wale sita waliiitikia kwa mvumo mmoja wa chini. Kwa sentensi ya tatu nilisikia mama yangu anaitikia pamoja nao, kwa sauti yake ya Kiiraqw, lugha yetu ya Mbulu, kisha shangazi zangu, kisha padre.

Niliuliza baadaye yalisemwa nini. Mke wangu alinitafsiria nusu: tulale vyema, ng'ombe wetu wazae, maji yasitukimbie. Nusu nyingine alisema ni yake.

Wageni walikula, na chakula kilitosha. Saa kumi jioni gari liliondoka kurudi Gendabi, na Jumatatu asubuhi baba mkwe alisimama mdomoni mwa kisima kwa zamu yake, na ng'ombe wake wote walikunywa.